UZI: Majina yanayotajwa kwenye benga, au daftari la nani alikuwa na pesa Kisumu

#1 Mwalimu_Kibuye

Wadau wa Kisumu na majirani, habari za jioni. Uzi huu ni wa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, na ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kati ya 1991 na 1996 nilikuwa kijana wa kurekodi kanda kwenye kibanda kimoja upande wa Kibuye. Mteja anakuja na kanda tupu, ama kanda ya mahubiri aliyochoka nayo, anaagiza nyimbo zake. Mimi naziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi, nabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nakaa. Kuondoka huwezi, maana mteja hataki wimbo ukatwe katikati kanda ikiisha. Basi unasikiliza kutwa, wimbo uleule mara nane. Kanda ikimezwa na mashine, unaitoa polepole na kuizungusha kwa kalamu ya Bic.

Anayesikiliza benga ili acheze husikia gitaa. Anayesikiliza kwa sababu amefungiwa nayo kwenye kibanda cha mabati huanza kusikia majina. Fulani wa Kendu Bay, karani wa reli. Mwalimu fulani wa Ugunja pamoja na mkewe. Ndugu wawili wa Kaloleni, Nairobi. Nikanunua daftari nikalipiga mistari: jina, kazi ikitajwa, mahali. Tajiri wangu alidhani naandika madeni.

Hapa ndipo penye utamu. Zile santuri ndogo za zamani, za mizunguko 45 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hivi kila upande, nne ukibana. Ndiyo maana wimbo mmoja ulipasuliwa: upande wa A maneno, upande wa B gitaa linashika kasi na watu wanacheza. Nafasi ya kumtaja mtu ilikuwa finyu, kwa hiyo aliyetajwa alikuwa mtu kweli. Ndiye aliyenunua gitaa, ama aliyelipa nauli ya bendi kwenda studio Nairobi au Kericho kwa Chandarana, ama aliyewapa vijana mahali pa kulala.

Katika daftari langu, santuri za kabla ya 1977 zimejaa watu wa reli na posta, na anwani zao zimetapakaa: Nakuru, Mombasa, Kampala, hata Dar es Salaam. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa. Hakuna anayeimba habari hiyo. Lakini Kampala inaanza kupungua kwenye majina, halafu haipo.

Wanafuata walimu. Loo, walimu! Mshahara wa mwalimu si mkubwa, ila una tarehe, na kijijini mtu mwenye tarehe ya mshahara ni benki. Sambamba nao kuna watu wa sukari, wa Miwani, Chemelil na Muhoroni, na hawa hutajwa kwa kiwanda chao kama wengine wanavyotajwa kwa ukoo. Viwanda vilipoanza kuyumba, nao wakanyamaza.

Kisha ikaja kanda ya dakika 60, ya 90. Wimbo sasa unaweza kwenda dakika kumi, na majina yanamiminika kama mvua ya Aprili. Nilidhani ni kwa sababu nafasi imeongezeka. Ilinichukua miaka kuelewa sababu ya pili, na sababu hiyo ni mimi. Kila kanda niliyorekodi pale kibandani, mwanamuziki hakupata hata senti. Tulikuwa tumejipanga kutoka Kibuye mpaka steji, kila mmoja na mashine zake mbili, tunamkamua mtu asiyetujua. Santuri ikaacha kumlisha. Akabaki na njia moja: kumgeukia aliyekaa mbele yake. Nipe, nikutaje.

Mwaka 2011 nilipeleka madaftari (yalishakuwa matatu) chuo kikuu kimoja, nikitaka kuyafanyia uzamili. Mzee mmoja wa jopo alifunua la kwanza, akasoma nusu ukurasa, akasema, “Hii ni orodha ya harambee.” Wenzake wakacheka. Nikaambiwa nikamsome Adorno kwanza.

Nikaenda nikamsoma. Adorno na mwenzake Horkheimer ni Wajerumani waliomkimbia Hitler wakaishia Marekani, na huko, miaka ya 1940, waliandika kwamba muziki na sinema vimekuwa bidhaa za kiwanda: mtu anapikiwa, analishwa, anadhani amejichagulia. Sikatai. Ukiwasha redio asubuhi utawaelewa. Ila Adorno hakuwahi kukaa Kondele usiku akaona mteja anasimama, anainua mkono, na *wimbo wenyewe unasimama* ili azungumze yeye. Kiwandani hakuna kitu cha namna hiyo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba vita hivi vilishapiganwa. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka pale chuoni Nairobi kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika, ya mdomo ikiwemo, ikae katikati. Anyumba mwenyewe alikuwa ameshaandika kuhusu nyimbo za maombolezo za nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Miaka arobaini na mitatu baadaye mimi naambiwa harambee.

Sasa nauliza: huko kwenu nani hutajwa, na nani hulipa?

#2 KondeleDamu

Mwalimu, heshima yako, lakini umepamba kitu kidogo. Hao ni wanamuziki waliokuwa wanaombaomba. Mtu akikupa pesa unamsifu, kuna nini cha kusomea hapo? Wimbo mzuri unaharibiwa na orodha ya watu wa kijiji kimoja wasiojulikana hata Ahero.

#3 Mwalimu_Kibuye

Kijana wangu, wasiojulikana Ahero walijulikana Zimbabwe. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuwa anatoa santuri za benga na baadaye akawa mbunge, alizisambaza mpaka kusini mwa Afrika. Wazimbabwe wakauita muziki wenyewe *kanindo*, kwa jina lililoandikwa kwenye lebo. Hebu fikiria karani wa stesheni ndogo huku Nyanza, jina lake linachezewa dansi na watu wasiojua Kijaluo, na yeye hana habari. Mshahara wa mwezi mmoja umemfikisha mbali kuliko treni yake.

Na kuhusu kuombaomba: hii ya kulipa ili wimbo usimame haikuanza na bendi. Ina jina, pakruok, na ilikuwepo enzi za nyatiti. Mpiga nyatiti amekaa kwenye kigoda, nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ubao, njuga mguuni. Mtu anatoa sarafu, nyuzi zinanyamaza, anajisifu: mimi mwana wa fulani, shemeji wa fulani, niliyefanya hivi. Akimaliza, mwingine anatoa kubwa zaidi kumjibu.

Mara ya mwisho niliiona mwaka jana, kwenye ohangla, ngoma ya Wajaluo, ile ya kinanda. Ngoma zikashuka, ikabaki moja tu inagonga kama moyo. Akasimama mzee wa makamo, shati jeupe, noti ya mia mbili mkononi. Hakuitupa. Aliikunjua, akainyoosha juu ya paja lake kwanza, akaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji, jasho likaishika. Akasema yeye ni mkwe wa watu wa Alego na kwamba ng'ombe wake hawahesabiki, wanapimwa kwa vumbi. Ukumbi ukalipuka. Mia mbili, jamani. Hata kuku hununui. Kwa dakika nzima watu wazima mia moja walinyamaza ili fundi baiskeli (namfahamu, hana hata mbuzi) awe mwenye ng'ombe.

Ndiyo maana siiti ombaomba. Nani alikuwa anamwomba nani pale?

#4 Shemeji_wa_Khayega

Mashemeji, hamjambo. Huku kwetu Kakamega habari ni nyingine kidogo.

Kwenye vita vya mafahali, anayesifiwa si mtu. Ni fahali. Alfajiri kabla jua halijatoka tunamsindikiza kwa isukuti mpaka uwanjani, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe. Mwenye fahali anatembea nyuma hata hatajwi sana, lakini kila mtu anajua kwamba fahali ni yeye. Wengine huwapa mafahali majina ya wanasiasa na wachezaji mpira. Fahali akikimbia, jina limekufa siku hiyohiyo, na mwenyewe anapita njia ya nyuma kurudi nyumbani. Kwenu ukilipa unasifiwa hata kama huna mbuzi. Kwetu lazima mnyama ashinde kwanza.

Isukuti UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tulifurahi. Lakini ngoma iliyolindwa inapigwa mbele ya wageni wa serikali waliokaa kwenye viti vya plastiki, na pale hakuna wa kumtaja isipokuwa mheshimiwa. Wimbo uliokuwa unatunga habari za jana sasa unakariri karibu-mgeni-wetu.

Na kuna disco matanga, dansi ya usiku kwenye msiba. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka ipo. Watu wanachukulia ni fujo za vijana tu. Mimi nilikuwa nabeba spika za dijei mmoja, nitawaambia kinachofanyika. Saa nane za usiku emsii anaanza mnada. Fulani analipa hamsini msichana wa shati jekundu aingie acheze. Mwingine anaweka mia atoke. Wa kwanza anaweka mia na hamsini arudi. Pesa zinasemekana ni za jeneza na chakula. Nyingine ni za jeneza kweli. Lakini yule msichana hakuulizwa, na asubuhi kuna mtu anamdai dansi yake. Hapo pakruok yenu mwalimu imegeuka kitu kingine, jina linalonunuliwa si la anayelipa.

#5 Mwalimu_Kibuye

Shemeji, sentensi yako ya mwisho nimeinakili. Miaka yote nimekuwa nikihesabu majina kana kwamba yote ni ya aina moja.

#6 MvitaKwenyeZiwa

Mimi mtu wa Mombasa, kazi imenileta Kisumu mwaka wa sita. Mnavyosema hivi nacheka, maana kwetu kuna kutuza. Kwenye taarab mwanamke anangoja beti inayomhusu jirani yake, si inayomhusu yeye. Beti ikifika anainuka taratibu, noti imekunjwa vidoleni, anapita *mbele ya yule jirani* kwanza kisha ndiyo anaenda kumtuza mwimbaji. Hakutajwa mtu. Hakusemwa neno. Na ukumbi mzima umesoma barua.

Kwa hiyo nyinyi mnalipa mtajwe, sisi tunalipa ili mtu asitajwe lakini ajijue. Waswahili tuna adabu zaidi, ama tuna sumu zaidi, chagueni.

#7 Section58

Nakuru tupo. Kwenye mugithi, muziki wa Wakikuyu, ile ya gitaa moja, unaandika kikaratasi, unakikunja na soo (shilingi mia) ndani, unampa mhudumu. Jina lako linaingizwa kwenye wimbo wowote, hata wa kanisani, maana mugithi hauna mpaka kati ya Mungu na bia. Raha yake Nakuru ni mji wa kila mtu, kwa hiyo utasikia Mkikuyu anaimba “Otieno wa Free Area” na matamshi yamepinda, na Otieno mwenyewe anaongeza soo nyingine ili arudie vizuri. Harudii vizuri. Anajua biashara.

#8 KondeleDamu

Sawa, nimesoma yote, narudi. Mnazungumza kama hii imeisha. Nendeni TikTok saa nne usiku. Msee amewasha laivu kutoka chumba chake Nyalenda, anapiga stori tu, watu wa Doha wanamtupia zawadi za kulipia, mawaridi na simba, yeye anasoma majina: “Asante sana Ja-Ugenya.” Ni pakruok hiyohiyo.

#9 Mwalimu_Kibuye

Umenena, na ulisema hakuna cha kusomea! Nakubali nusu. Tangu M-Pesa ianze 2007 aliye mbali anaweza kutajwa bila kuwepo, emsii anasoma ujumbe kwenye simu. Na tangu kaunti zianze 2013, daftari langu la tatu limejaa MCA (wawakilishi wa bunge la kaunti) na wanaotaka kuwa MCA. Mwalimu ametoweka kabisa. Ukitaka kujua pesa ya ugatuzi ilifika wapi usisome ripoti, nenda ohangla ya Ijumaa uhesabu waheshimiwa.

Nusu nisiyokubali: pale ukumbini noti inatoka mkononi inaenda kwenye paji la uso. Kwenye laivu kampuni imekaa katikati, inakata fungu lake, na ndiyo inayoamua nani aonekane. Hapo Adorno angeagiza soda akae.

#10 NyarSeme

Nimekuwa nasoma tangu mchana nikijizuia. Mwalimu, katika madaftari yako matatu, wanawake wako wapi?

#11 Mwalimu_Kibuye

Wapo, nyathiwa. Wengi tu. Nyimbo kadhaa zimebeba majina ya wanawake hata kwenye kichwa.

#12 NyarSeme

Sikuuliza kama wanaimbwa. Nauliza ni wangapi walilipa.

#13 Mwalimu_Kibuye

Nimeenda kuyafungua. Safu ya kazi: “mke wa”, “binti wa”, “mrembo”. Muuza samaki mmoja wa Dunga, na mwenye hoteli mmoja. Nimeona aibu, nasema ukweli. Miaka thelathini sikuona kwamba safu ile ina tatizo.

#14 NyarSeme

Basi ngoja nikuongezee. Nyanya yangu alikuwa mwimbaji wa dodo. Dodo ni nyimbo za wanawake. Huko walimtaja mwanaume bure kabisa: anayempiga mkewe, mlafi, anayejifanya mgonjwa wakati wa kulima. Nyanya alisema wanaume wa kwetu walikuwa wanaleta sukari na kitambaa kwa mwimbaji *ili wasitajwe*. Hayo majina hayamo kwenye santuri yoyote, hakuna aliyekuja na mashine kuyarekodi. Halafu ona Princess Jully, mwimbaji wa benga: aliimba kwenye bendi ya mumewe, na mumewe alipofariki 1997 akaishika bendi yeye. Sauti ya mwanamke ilisubiri kifo ndipo ipate bendi.

Daftari lako si la Kisumu. Ni la mifuko ya suruali ya Kisumu.

Na nina sababu ya kusema hivi. Baba yangu yumo kwenye santuri. Alifanya kazi reli, nadhani ni mmoja wa wale wako wa kabla ya 1977. Mwimbaji anamsifu vizuri sana, ukarimu wake, kofia yake, halafu anamwita “wuon Akinyi”. Baba Akinyi.

Nyumbani kwetu tuko sita. Hakuna Akinyi.

#15 Section58

Yesu.

#16 Shemeji_wa_Khayega

Pole dada. Mama aliisikia?

#17 NyarSeme

Baba aliileta mwenyewe, shemeji. Aliingia nayo kwa furaha, na gramafoni ya kuazima, akaita majirani. Alikuwa amelipia kutajwa, alitaka wasikie. Sijui kama alisahau ni jina gani alimpa mwimbaji, ama alidhani mama hatasikiliza. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka majirani wakiangalia sakafu. Mama alileta chai kama kawaida, akagawa vikombe, akageuza santuri.

Baba alifariki 1999. Wakati wa mazishi tulingoja aje mtu, hakuja mtu. Santuri bado iko. Mama ana miaka themanini na kitu, na Jumapili akitoka kanisani anaiweka. Upande wa B tu.

#18 Mwalimu_Kibuye

Nyar Seme, nimekaa na simu hii muda mrefu kabla ya kuandika. Nisamehe kwa kuuliza kitu cha karani, ni ugonjwa wangu: lebo bado inasomeka? Namba ya santuri? Nikiipata naweza kujua ilirekodiwa mwaka gani, na nani wengine wametajwa humo. Pengine huyo mtoto ametajwa kwingine, na mahali pake.

#19 NyarSeme

Nimempigia nikamuuliza. Amesema santuri haitoki nyumbani, lakini mwalimu anaweza kuja na daftari lake akae sebuleni. Njoo Jumamosi, usije Jumapili. Na usimuulize habari za Akinyi. Akitaka atakuwekea upande wa A mwenyewe.